Masters ya Madam Naliaka

Jumamosi iliyopita shule ilitupeleka Bokoli kumzika mama yake mwalimu aliyeniuza. Nasema ilitupeleka kwa sababu mimi mwenyewe singejipeleka. Mkuu wa shule alitaka wanafunzi kumi na wawili wa Kidato cha Nne waimbe nyimbo mbili na kubeba shada la maua, na Bwana Barasa, ambaye shuleni kwetu hupanga kila kitu kuanzia mitihani hadi misiba, akaliweka jina langu juu kabisa ya orodha. "Wewe Nelima ndiye ulikuwa mtoto wake," akaniambia. "Usipoenda, watu watauliza." Nikamwambia, mwalimu, mimi nikiimba marehemu ataamka alalamike. Akanitazama juu ya miwani kama mtu anayengoja mvua ipite, kisha akasema niwe getini saa moja asubuhi na soksi nyeupe.

Tukakaa chini ya hema la buluu, sisi wanafunzi kwenye viti vya nyuma, karibu na jikoni ambako akina mama walikuwa wanakata sukuma wiki kwa mwendo wa mashine. Hapo ndipo nilipomwona Madam Naliaka baada ya karibu miaka miwili. Alikuwa ameshuka kwenye ndege juzi yake kutoka Uarabuni, anakofundisha Kiingereza. Alikuwa amenenepa kidogo mashavuni, amevaa gauni jeusi la mikono mirefu, na kila aliyepita alimsalimia kwa mikono miwili kama anayepokea mtoto. Mama mmoja aliyekuwa anamenya vitunguu akamnong'oneza mwenzake, kwa ule mnong'ono wa huku kwetu ambao unasikika mpaka barabarani: "Huyo ndiye alisoma mpaka masters. Bila masters ng'ambo haikuchukui kufundisha Kiingereza." Mwenzake akajibu, "Si ndio nasema. Wangu nimemwambia asome mpaka macho itoke." Mimi nikainama nikajifanya nafunga kamba za viatu. Viatu vyangu havina kamba.

Niliinama kwa sababu mimi najua. Masters ile haikuisha, na huko alikokwenda hakuna mtu aliyeiulizia. Na pengine katika dunia nzima hakuna anayejua kuliko mimi ni nini kiliwekwa ndani ya masters ile, kwa sababu kilichowekwa ni mimi.

Mtu wa miaka kumi na minane hana haki ya kusema "enzi zetu", hilo nakubali. Lakini mwaka wangu wa Kidato cha Pili nauona uko mbali, kama zile picha za wajomba waliovaa suruali pana. Mwaka ule nilikuwa mtu mkubwa katika shule yetu ya kutwa hapo Kibomet. Walimu wapya walikuwa wanaonywa juu yangu kabla hawajaonyeshwa choo kiko wapi. Niliweza kuiga mwendo wa mkuu wa shule, kikohozi cha mlinzi, na namna Bwana Barasa anavyofungua Biblia kwenye gwaride kama anafungua bahasha ya matokeo. Darasa zima lilinipenda, na mimi nilifanya kazi kwa bidii lizidi kunipenda, kwa sababu chini ya vichekesho hivyo nilikuwa nimeficha kitu kimoja: nilikuwa Kidato cha Pili na sikujua kusoma Kiingereza. Sisemi sikukijua. Kukisikia nilikisikia, kukisema nilikisema, hasa wakati wa kugombana. Ila ukinipa ukurasa, herufi zinaanza kukimbizana kama kuku walioona mwewe. Nilikuwa nimefika huko kwa kunakili, kwa kubahatisha na kwa kukariri, na kwa mbinu moja ambayo naiheshimu hadi leo. Mwalimu akiniambia "Nelima, soma aya ya pili," nilikuwa nasimama, nafunga macho, nainua mkono wa kulia kama mhubiri wa soko la Kitale, na kunguruma: "Geuka umwangalie jirani yako! Mwambie jirani: jirani, soma wewe!" Darasa linakufa kwa kicheko, mwalimu anafuta machozi, na jirani yangu Chemutai, msichana mpole kutoka Kachibora, anasimama anasoma. Ilifanya kazi kwa mwaka mzima na muhula mmoja. Walimu wanapenda kucheka, tatizo lao ni kwamba hakuna anayewachekesha.

Madam Naliaka alikuwa mwalimu wa bodi, maana yake shule ilimwajiri yenyewe wakati serikali ikiendelea kufikiria. Alikuwa anatoka upande wa Bungoma, alikuwa na digrii yake ya ualimu na miaka sita ya kufundisha, na alicheka vichekesho vyangu kuliko mwalimu yeyote. Siku moja ya Machi nilipomaliza kuwahubiria majirani, yeye alicheka pamoja na wengine, Chemutai akasoma, kengele ikalia. Halafu akaniambia nibaki. Nilidhani ni kiboko cha kimyakimya. Akafunga mlango nusu, akakaa kwenye dawati la Chemutai, akasogeza kitabu kati yetu. "Soma hapa. Tuko wawili tu." Nikainua mkono wa kulia. Akaushika, akaushusha taratibu. "Jirani hayuko, Nelima." Nilitazama ule mstari. Niliutazama mpaka nikaona rangi. Kisha nikalia, mimi ambaye nilipovunjika mkono darasa la sita nilimuuliza daktari kama ule mwingine nao hautaki likizo. Akaniacha nilie. Nilipomaliza akasema maneno ambayo nimeyabeba: "Hii kitu inabaki hapa. Mimi na wewe. Utakuwa unakuja kwangu Jumamosi."

Nikaenda Jumamosi zote za mwaka ule. Alikuwa anakaa kwenye ploti ya vyumba vinane, chumba cha tatu kutoka kwenye bomba, na pazia la maua la kutenganisha kitanda na dunia. Upande wa dunia kulikuwa na meza moja, viti viwili, meko ya gesi, na redio iliyokuwa inashika stesheni moja tu ya Injili. Chini ya kitanda vilitokeza vichwa vya katoni zilizojaa karatasi. Tulianza na chai ya maziwa na nduma, tukasoma mpaka saa sita, halafu akasonga ugali, mimi nikachambua mrenda na kunde, tukala kwa mkono, tukasoma tena. Alinifundisha kama mtu anayemfundisha mtoto kutembea: neno, pumzika, neno. Hakunicheka nilipokosea, alinicheka nilipochekesha, na hiyo ndiyo tofauti ambayo hakuna mtu alikuwa amenipa kabla. Simu yake ilikuwa inalala mezani kifudifudi. "Narekodi nisikie vile unaendelea," alisema, na mimi nikaanza kuiaga simu ile nikitoka: "Haya Bwana Simu, Jumamosi." Alikuwa pia na daftari la buluu. Nikisema kitu cha kuchekesha, anacheka, anaandika. Nilidhani ananiandikia vichekesho vyangu visipotee. Nikaanza kusema vizuri zaidi, nikiwa nimeangalia kalamu yake.

Na kwa kuwa nilikuwa mjinga aliyeshiba, nilimwambia na yale mengine. Nilimwambia kuhusu barua ya kliniki. Mama yangu alikuwa ameletewa barua ya Kiingereza kutoka kliniki ya presha, akanipa nimsomee, kwa sababu ana mtoto sekondari, angempa nani? Nikaishika ile barua mbele ya mwanga wa dirisha, nikakunja uso kama wakili, nikamwambia: "Wanasema uko sawa, mama. Endelea hivyo hivyo." Barua ilikuwa inasema arudi baada ya wiki mbili. Alirudi baada ya miezi mitatu, siku alipoanguka sokoni, na wauguzi wakamgombeza, na yeye akaapa mbele yao kwamba barua yao haikusema hivyo, kwa sababu mtoto wake aliisoma. Hilo sikuwa nimemwambia mtu yeyote. Nilimwambia Madam huku mkono wangu uko kwenye bakuli la mrenda. Akaniuliza nilijisikiaje, nikamwambia. Akaniuliza tena, polepole, kama mtu anayetaka kulisikia vizuri. Simu ilikuwa mezani.

Juu ya masters yenyewe, kwamba Madam alikuwa ameshaianza, nilijua mapema kuliko wanafunzi wote, kwa sababu nilikuwa na kiti changu rasmi nje ya ofisi ya walimu, kiti cha magoti. Niliadhibiwa sana mwaka ule, na mtu aliyepiga magoti chini ya dirisha lililovunjika hukosa masomo lakini hapungukiwi na habari. Siku moja muhula wa pili nikawasikia Madam na Bwana Barasa wakivutana. Madam alikuwa na tangazo kwenye simu: nchi ya Uarabuni inatafuta walimu wa Kiingereza, wawe na shahada ya uzamili.

"Unaona?" alisema Madam. "Masters. Wameandika hapa wazi."

"Lete nione," akasema Bwana Barasa. Nikasikia miwani ikivuliwa. "Naliaka, hii ni ya chuo kikuu. Hawa wanatafuta wahadhiri. Wewe unafundisha watoto."

"Kwa hivyo mimi ni wa watoto tu."

"Mimi sijasema hivyo, bana. Nasema shule za watoto huko wanataka digrii yako, cheti ya ualimu, na miaka umefundisha. Mpwa wangu ameenda na hizo tu. Hata masters hajui inafanana aje."

"Mpwa wako anafundisha hesabu. Kiingereza ni kitu ingine, wenye lugha wenyewe wako. Mimi Mkenya nikienda na digrii moja watanicheka."

"Tuma kwanza. Wakikataa ndio umalize kusoma."

"Barasa, wewe ni mwalimu wa Kiswahili. Niachie Kiingereza yangu."

Hapo mwalimu mwingine akacheka, na mambo yakaharibika. Bwana Barasa akatoka nje, akanikuta, akasema, "Na wewe amka hapo, umesikia vya kutosha." Nikiwa mtoto mwaminifu nilimchukia kwa wiki mbili. Mimi nilikuwa upande wa Madam. Nilitaka apate masters, apate tatu ikiwezekana, na nilikuwa na hakika kwamba Bwana Barasa anamwonea wivu. Leo nikiikumbuka ile "tuma kwanza" natamani ningesimama kwenye magoti yangu yale, nichungulie dirishani, nipige makofi.

Wiki iliyofuata Madam alinipa karatasi ya Kiingereza mama yangu atie sahihi. "Ni ya ruhusa ya Jumamosi," alisema, na haukuwa uongo, ndiyo shida yake. Kulikuwa na ruhusa ndani yake na Jumamosi ndani yake. Ilikuwa kurasa mbili. Niliweza wakati huo kusoma mistari mitano kwa siku bila kuchoka, nikaitazama, nikaona maneno marefu, nikaamua kwamba mtu humwamini mwalimu wake. Mama akaniuliza, "Inasema nini?" Nikamwambia inasema nisome Jumamosi. Akaiweka juu ya gunia la maharagwe, akatia sahihi yake ile ya herufi mbili na mstari, akafurahi. Kwa hiyo mara ya pili katika maisha yangu nilimsomea mama yangu barua ambayo sikuisoma.

Agosti akanipeleka Bungoma. Aliniambia anakwenda kumwona mkubwa wake wa chuo na nitamsaidia kubeba vitabu, na baadaye tutakula samaki. Nilivaa sare siku ya likizo, hebu fikiria. Jengo lenyewe lilikuwa la ghorofa moja nyuma ya maduka, na korido yenye harufu ya rangi mbichi na chai iliyomwagika. Nikaachwa kwenye benchi, mlango ukabaki wazi kidogo. Ndani kulikuwa na mama mmoja mwenye sauti ya kuchoka ambaye Madam alikuwa anamwita Daktari.

"Hawa wengine wako sawa tu," alisema Daktari. "Lakini wa saba, huyu wa saba ndiye anabeba sura ya nne. Bila yeye hauna kitu hapa. Mambo ya barua hii, umeipata aje?"

"Aliniambia mwenyewe."

"Na mzazi alikubali?"

"Ametia sahihi, Daktari. Iko hapo nyuma."

"Basi ongeza hapo. Muulize zaidi kuhusu mama."

Nilikaa kwenye benchi nikimwonea wivu huyo wa saba. Wallahi nilimwonea wivu. Nilijiuliza ni nani, anakaa wapi, na kama yeye pia analishwa mrenda. Tulipotoka Madam alikuwa mchangamfu sana. Akaninunulia samaki mzima wa kukaanga na ugali mkubwa katika hoteli moja karibu na stendi, akanitolea miiba mwenyewe kama mama, na tulipokuwa tunanawa akaniuliza kwa upole, "Mama yako anaendeleaje na ile presha? Siku hizo alipoanguka, wewe ulikuwa wapi?" Nikamwambia yote. Samaki alikuwa mtamu.

Sasa niwaeleze kuhusu karatasi za rafu. Shule yetu haina karatasi za kuchezea, kwa hiyo kila mwisho wa mwaka walimu huleta karatasi zao zilizotumika upande mmoja, Bwana Barasa anazikata nusu, na katika mtihani wa hesabu kila mtoto hupewa vipande vichache vya kufanyia hesabu za pembeni kwenye upande mweupe. Walimu huamini kwamba sisi tunaangalia upande mweupe. Mungu awasaidie. Kutoka kwenye karatasi za rafu tumewahi kujua nani yuko kwenye kamati ya harusi ya naibu wa mkuu, na nani aliandikiwa barua ya onyo kwa kuchelewa. Ni gazeti letu. Kabla ya kuandika hata jibu moja, darasa zima hugeuza.

Novemba ile mimi nami niligeuza. Upande wa pili ulikuwa umepigwa chapa kwa Kiingereza, mistari ina nafasi kubwa, ukurasa umekatwa katikati. Nikaanza kusoma, si kwa udaku, bali kwa sababu nilikuwa nimeanza kuweza na mtu akianza kuweza kitu hakiachi. Neno, pumzika, neno. Ulisema hivi, nautafsiri: Mwanafunzi wa 7 ni msichana. Anapoitwa asome, huiga mhubiri na kumwamuru jirani yake asome badala yake. Darasa hucheka. Kicheko hiki ndicho kificho chake. Ucheshi wake wote, kwa maoni ya mtafiti, hutokana na kutojua kusoma. Chini yake kulikuwa na orodha ya maneno niliyoshindwa, na mbele ya kila neno vile nilivyolitamka, herufi kwa herufi, Jumamosi baada ya Jumamosi. Nilisoma mpaka mahali pa mkato. Huo ndio ukurasa wa kwanza wa Kiingereza niliousoma peke yangu, kutoka juu hadi chini, bila kidole na bila msaada. Alikuwa amenifundisha vizuri.

Nilipoinua kichwa, darasa lilikuwa kimya kwa namna ambayo darasa la hesabu halijawahi kuwa. Kila mtu alikuwa na kipande chake. Kila kipande kilikuwa mimi. Msimamizi, Bwana Barasa mwenyewe, alikuwa mbele anasoma gazeti halisi na kufurahia nidhamu yetu. Nikaona kijana wa mstari wa mbele akimwonyesha mwenzake mstari kwa kalamu, mwenzake akageuka kunitazama, kisha akatazama chini haraka, na huko kutazama chini ndiko kulikoniua. Miaka yote watu waligeuka wakinitazama wakicheka. Chemutai alikuwa na kipande chenye habari ya barua ya kliniki. Alikikunja mara nne akakitia ndani ya soksi yake, akanong'ona bila kugeuza kichwa, "Hii hawaoni." Lakini kurasa za barua zilikuwa tatu, na soksi ya Chemutai ilikuwa moja.

Mtihani ulipoisha nilimkuta Madam peke yake katika ofisi ya walimu, anapanga vitabu ndani ya begi. Aliponiona akang'aa. Kabla sijafungua mdomo akanishika mabega. "Nelima! Wewe utakuwa wa kwanza kujua. Nimepata. Shule ya msingi, Uarabuni, naenda Januari. Walinipigia simu wiki jana, wakaniuliza maswali, wakataka digrii na cheti na barua ya mkuu. Masters hata hawakuuliza. Ati nikiwa nayo ni sawa, nisipokuwa nayo pia ni sawa. Nimeachana nayo, bana. Nimesafisha nyumba yote!" Alikuwa anacheka. Nikaweka kile kipande juu ya begi lake.

Akakisoma. Nilimwona akikisoma, na nilimwona akielewa, kwanza polepole, halafu yote kwa pamoja.

"Hakuna jina hapo," alisema.

"Madam, darasani kuna wahubiri wangapi?"

"Ilikuwa utafiti, Nelima. Na mama yako alitia sahihi."

"Mama yangu hasomi Kiingereza. Na mimi nilikuwa sisomi. Wewe peke yako ndiye ulikuwa unasoma."

Akakaa. Akasema hakukusudia zifike darasani. Aliwapa ofisi katoni nzima kwa sababu shule haikuwa na karatasi, na alifikiri zitaandikwa upande mweupe tu. Halafu, mwalimu wangu wa Kiingereza, mwanamke aliyekuwa amenifundisha ule mwaka mzima herufi kwa herufi, akasema: "Sikufikiri mtasoma."

Ningemsamehe kama ningekuwa tiketi yake. Nimelifikiria jambo hili sana, hata nikiwa nachekesha. Kama ng'ambo ingekuwa imesema bila masters hupiti, na masters ikasema bila Nelima hupiti, ningejua basi nimekuwa daraja, na daraja si haya kulikanyaga. Lakini aliniuza sokoni ambako hakukuwa na mnunuzi. Alichukua aibu yangu na ya mama yangu, akaipiga chapa, akaipeleka Bungoma ikaguliwe, kwa ajili ya lango ambalo lilikuwa wazi wakati wote, na aliyemwambia liko wazi alimfukuza kwa kuwa anafundisha Kiswahili.

Habari ya barua ilifika kwa mama kabla ya Krismasi, kupitia mtoto wa mwenye duka la jirani. Mama hakunipiga. Hakunigombeza hata. Aliuliza tu, "Ulijua ukinisomea kwamba hujui?" Nikasema ndiyo. Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kuchagua maharagwe. Tangu siku ile barua zake humpelekea mwenye duka. Mimi sasa nasoma Kiingereza kuliko mtu yeyote katika ploti yetu, kuliko huyo mwenye duka kwa mbali sana, na mara nyingi namwona mama akivuka barabara na bahasha mkononi, na ninakaa mlangoni, na hanigeukii.

Hayo ndiyo nilikuwa nayo chini ya hema la Bokoli. Tuliimba nyimbo zetu mbili, hakuna aliyeamka. Mazishi yalipokuwa yanasogea upande wa kaburi, Madam Naliaka akanijia nyuma ya jikoni, mahali moshi ulipokuwa unaingia machoni na kumpa kila mtu sababu ya machozi. Nikampa pole ya mama. Akapokea. Akaniuliza nasoma vipi, nikamwambia vizuri, mtihani wa taifa uko karibu, nategemea Kiingereza kunibeba. Akafunga macho kidogo aliposikia hivyo.

"Nilikuandikia," alisema. "Hukujibu."

"Nilisoma zote, Madam."

Mbele, mchungaji alikuwa anajaribu kipaza sauti.

"Naweza kuuliza kitu?" nikasema.

"Uliza."

"Ungejua mapema, hata Machi ile, kwamba masters haihitajiki. Barasa akuambie nawe umsikie. Ungeniita nibaki, baada ya darasa?"

Jibu la uongo lilikuwa rahisi na nilikuwa nimeliandalia mahali. Siku ya kumzika mama yake, nani angemlaumu? Nilimwona akilitafuta, akilipata, akiliacha. "Nilikuwa na madarasa manne," alisema. "Watoto sitini kila darasa. Nilikuwa natafuta mtu kama wewe, ndiyo maana nilikuona." Akapangusa uso kwa kiganja. "Hapana, Nelima. Ningecheka tu pamoja na wengine."

Wakamwita akatupe udongo. Akageuka, akakumbuka kwamba ameshika mkoba, akanisukumia nishike, bila kuniuliza, na akaenda. Nilifikiria kuuweka chini nikaondoka. Nilifikiria pia kuufungua, mimi ni mimi. Ulikuwa mzito, na watu walikuwa wanasukumana kwenda kuona kaburi, na mtu mmoja akanikanyaga. Nikaukumbatia kifuani kwa mikono yote miwili usije ukaangushwa, nikasimama pale nikiwa na hasira, mpaka akarudi kuuchukua.